Saa za Azan Angani

Ijumaa, saa mbili asubuhi. Stoo ya nyuma ya mgahawa, Kibiti.

"Tiketi nimeiona kwa macho yangu Kariakoo," alisema Bushiri, akichora mezani kwa kidole kilicholowa chai. "Dar huku, Dubai kule. Ndege imeruka saa moja, inatua saa saba na nusu mchana. Saa sita na nusu nzima tajiri Azan yuko mawinguni, hapigi simu wala hapigiwi. Tunavunja kasha lake la dhahabu, Ahmed anatukimbiza na pikapu mpaka Nyamisati, tunapanda boti. Huko mikokoni Salale nani atatufuata?"

Tangu apunguzwe kazini kiwandani, Zaidi alikuwa mtu wa kukopa chumvi. Mkewe Sihaba alikuwa kwao Mbwara na mtoto, na baba mkwe kishasema: leo jioni aje na maisha ya kueleweka, au aje na talaka. Alimpenda Sihaba jamani, mpaka akawa mwizi.

"Wanawake watakuwepo," alisema. "Msafiri akiwa njiani, kina mama majirani wanakaa sebuleni kwake wanasoma Yasini mpaka apige simu kuwa kafika. Ndiyo desturi ya nyumba ile."

Bushiri akacheka. "Wapaze sauti basi. Msumeno hautasikika."

Wote watatu, hakuna aliyewahi kupanda ndege.

Saa tano.

Waliingia kwa dirisha la ofisi ya Azan, nyuma ya nyumba. Ahmed alibaki nje na pikapu. Kasha lilikuwa chini ya meza, simu juu ya meza hiyo. Bushiri alianza kukata kufuli, akapumzika, akawasha sigara.

"Fanya haraka," Zaidi alinong'ona.

"Haraka ya nini? Mtu bado yuko angani."

Sebuleni visomo vilipanda na kushuka. Sauti moja Zaidi aliitambua.

"Mama yangu yumo."

"Mwambie atuombee na sisi."

Saa saba mchana.

Kufuli likaachia. Papo hapo simu ikalia.

Wakakodoleana macho. Masikini ya Mungu! Saa za Dubai zimetangulia za kwetu kwa saa moja. Ile saa saba na nusu ya kwenye tiketi ilikuwa ya kulekule. Kwa saa za Kibiti, Azan alikuwa ametua nusu saa iliyopita.

Kisomo kikakatika. "Tasnim, tulia na mimba yako hiyo, nipe ufunguo wa ofisi nikapokee mimi!" Ilikuwa sauti ya Bi Mwanamkuu, mama yake Zaidi, akimwambia mke wa Azan.

Bushiri alikwapua mfuko wa dhahabu, akaruka dirishani. Zaidi akamfuata. Mtarimbo wa Bushiri ukamtandika gotini, akarudi ndani chali.

"Wewe wacheleweshe!" Bushiri alisema, akambamizia dirisha. Pikapu ikanguruma, ikaondoka.

Mlango ukafunguka. Bi Mwanamkuu alimtazama mwanawe sakafuni, akalitazama kasha lililo wazi. Simu bado inalia.

"Mama, nakuomba," Zaidi alisema, machozi yakimtoka. "Sihaba... Mama, usiseme."

Mama akainua mkono wa simu.

"Alhamdulillahi, Azan mwanangu. Umefika salama?" Akasikiliza. "Huku tumeibiwa, baba. Ndiyo, sasa hivi." Akafumba macho. "Mwizi tunaye. Ni Zaidi wangu."