Uzi wa Kwenda Maporomoko

Kila asubuhi, kabla hajanywa chai, Pini alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kutunga uzi kwenye sindano za Bibi, ili Bibi asihangaike nazo mchana. Ya pili ilikuwa kumtilia dawa ya macho. Bibi alikaa kwenye kiti chake cha cherehani, akainua uso juu kama kuku anayekunywa maji, na Pini akamdondoshea tone jicho hili na tone jicho lile.

"Inawasha kama pilipili!" Bibi alilalamika kila siku. "Yule daktari ana ugomvi na mimi."

"Funga macho, Bibi. Usiyasugue."

"Haya, daktari mdogo. Na wewe umeanza kunitisha."

Pini halikuwa jina lake la shuleni. Bibi alimpa jina hilo kwa sababu tangu utotoni alipenda kukaa chini ya meza ya kukatia nguo, akiokota pini zilizoanguka. Nyumbani walikuwa watatu tu: Bibi, fundi wa nguo; Mama, ambaye aliendesha gari la kusambaza mikate madukani; na Pini mwenyewe, mwanafunzi mwenye maswali mengi kuliko majibu.

Bibi alikuwa na presha ya macho. Daktari wa macho aliwaeleza vizuri: ugonjwa ule hula uwezo wa kuona polepole, tena bila kelele, na ukishakula haurudishi. Dawa haikuweza kuponya. Ililinda kile kilichobaki, mradi itiwe kila siku bila kukosa.

Ukutani, juu ya cherehani, palikuwa na kalenda ya zamani. Miezi yake ilikwisha zamani, lakini hakuna aliyethubutu kuitoa kwa sababu ya picha yake. Ilikuwa picha ya maporomoko makubwa ya maji, yale ambayo watu hutoka mbali kwenda kuyatazama, na juu yake umepinda upinde wa mvua wenye rangi zote.

"Huo upinde wameuchora," Bibi alipenda kusema. "Watu wa kalenda ni waongo. Mimi nitaamini siku nitakapouona kwa macho yangu."

Mwaka ule Mama aliamua kuwa siku hiyo imefika. Mwenye tanuri alimruhusu atumie gari la mikate wakati wa likizo ndefu. Wangekwenda hadi maporomokoni, kisha waendelee mpaka kwenye jiji lililo jirani. Huko Bibi alitaka kuuona mtaa wa maduka ya vitambaa, na Pini alitaka kupanda zile ngazi zinazotembea zenyewe.

Jioni moja walitandaza ramani juu ya meza ya kukatia. Pini alileta rula ili apime njia. Bibi akaiweka kando.

"Barabara gani umeiona imenyooka kama rula? Nipe uzi mwekundu."

Akaulaza uzi juu ya barabara, akiufuatisha kila kona, huku Pini akibana kwa pini. Kila mahali walipopanga kusimama, Bibi alifunga fundo. Fundo la kituo cha mafuta, fundo la soko la barabarani, fundo la daraja la mto. Penye maporomoko alifunga fundo nene kama punje ya hindi. Mwisho wa uzi, palipokuwa na jiji, alishona kifungo cheupe cha shati.

"Hapo," akasema. "Hata mtu akizima taa, safari hii haipotei."

Walicheka wote. Kisha Mama akanyanyua ile chupa ndogo ya plastiki. "Ila daktari amesema hii ndiyo ruhusa yetu. Siku dawa itakapokatika, na safari imekatika. Umesikia, Pini?"

"Nimesikia, Mama."

Siku chache baadaye, Pini alirudi kutoka shuleni na kukuta nyumba kimya. Bibi alikuwa amekwenda kumpelekea mteja gauni lake. Safari ilikuwa imemjaa Pini kichwani, kwa hiyo akaitandaza tena ramani ili ahesabu mitaa ya lile jiji. Hakukumbuka kwamba asubuhi, kwa haraka ya kuwahi kengele, aliiacha chupa ya dawa mezani bila kifuniko. Ramani iliiangusha na kuifunika. Pini akaegemea kiwiko juu yake, akajinyoosha kutazama. Aliposikia ubaridi mkononi, dawa ilikuwa imeshakamuliwa yote na kulowesha karatasi.

Alisimama akiitazama chupa tupu. Angesema, dawa nyingine ingetafutwa. Lakini maneno ya Mama yalimrudia, na akaiona safari yote ikifunguka fundo baada ya fundo. Basi akaenda jikoni, akachukua maji yaliyochemshwa na kupoa, akaijaza chupa.

Asubuhi Bibi aliinua uso wake kama kawaida. Pini akadondosha.

"Ala!" Bibi akasema. "Leo dawa ina adabu. Haijawasha hata kidogo."

"Labda macho yameizoea," Pini akajibu, na sauti yake ikamtoka nyembamba.

Alijiambia atasema kesho. Kesho ilipofika, ikaona haya, ikamsukumia kesho nyingine. Ndivyo uongo ulivyo: siku ya kwanza unaubeba, baadaye unakubeba wewe. Kila asubuhi Pini alidondosha maji, na kila asubuhi Bibi alimshukuru. Shukrani hizo zilimuumiza kuliko kofi.

Wiki zikapita, na mambo yakaanza kuharibika. Bibi alishona mfuko wa shati juu chini, mteja akacheka, na Bibi akausingizia uzi. Akawa anajigonga bega kwenye mlango uleule aliopita maisha yake yote. Akawa anashika kichwa na kusema kinamuuma. Pini aliona yote hayo, akala chakula bila kukisikia ladha, lakini kinywa hakikufunguka.

Asubuhi moja alimpa Bibi sindano iliyotungwa uzi. Bibi akanyoosha mkono, akashika hewa. Akanyoosha tena, akashika hewa.

"Umeiweka wapi, Pini?"

"Hii hapa, Bibi." Ilikuwa mbele ya uso wake.

Siku hiyohiyo Mama alimpeleka Bibi hospitali, na Pini akaenda nao. Daktari wa macho alimpima Bibi kwa mashine yake, akapima tena.

"Presha imepanda mno," akasema. "Jicho la kushoto limekwisha. La kulia limebaki na upenyo mdogo sana wa kuonea. Mlikuwa mnatia dawa?"

"Kila siku," Bibi akajibu kwa fahari. "Huyu mjukuu wangu hakosi. Ana mkono mwepesi kuliko wauguzi wako."

Daktari akatikisa kichwa. "Basi dawa hii imeshindwa kazi. Itabidi tupasue jicho. Lakini kwa umri wa bibi huyu na moyo wake ulivyo, naogopa."

Pini alimtazama Bibi aliyekaa na mkoba wake mapajani, ametulia, akimwamini kila mtu chumbani mle. Hapo ndipo alipoona kwamba akinyamaza tena, watamkata Bibi kwa sababu ya chupa ya maji.

"Dawa haijashindwa," akasema, machozi yakimtangulia. "Ni maji. Dawa ilimwagika nikatia maji. Nilidhani safari itafutwa."

Mama hakumpiga wala hakumfokea. Daktari aliandika dawa mpya, akaeleza kwamba upasuaji unaweza kusubiri, na kwamba ule upenyo uliobaki huenda ukaokolewa. "Ila kilichopotea," akasema taratibu, "hakitarudi."

Walipotoka, Pini alimnyooshea Bibi mkono ili amwongoze. Bibi akautafuta mkono wa Mama, akaushika huo.

Siku zilizofuata zilikuwa nzito. Cherehani ilifunikwa kitambaa. Dawa ilitiwa na Mama kabla hajaenda kazini, na Bibi alipolalamika kuwa inawasha, hakuna aliyecheka. Pini alipomwambia, "Nisamehe, Bibi," Bibi alijibu, "Nimesikia." Neno hilo tu. Pini alijificha chini ya meza ya kukatia, mahali pake pa utotoni, akalia mpaka akachoka. Alijua kwamba yeye ndiye aliyezima taa, na kwamba kulia hakuiwashi.

Likizo ilipoanza, wote walidhani habari ya safari imekufa. Daktari alikuwa amempima Bibi tena na kukuta presha imeshuka, lakini hakuna aliyekuwa na hamu. Bibi ndiye aliyevunja kimya wakati wa chai.

"Leteni ule uzi wangu."

"Mama, safari gani tena?" Mama yake Pini akauliza. "Utakwenda kuona nini?"

"Nitakwenda kuona kilichobaki. Au nikae hapa nisubiri nacho kiishe?"

Basi wakaondoka alfajiri, katika gari lililonukia mikate. Mama alishika usukani, Bibi alikaa katikati na Pini dirishani. Bibi alikuwa na uzi mwekundu vidoleni. Kila gari liliposimama, alisogeza kidole kwenye fundo linalofuata na kuuliza, "Hapa pana nini?"

Pini alijibu kwa bidii, kwani ilikuwa mara ya kwanza Bibi kumwuliza jambo tangu hospitali. Walipofika kwenye fundo la daraja, akatazama chini. Mto ulikuwa umekauka, umebaki vidimbwi na mawe. Akaona haya kumpa Bibi habari mbaya kama ile.

"Mto umejaa, Bibi! Maji yanang'aa, mazuri sana!"

Bibi akageuza sikio dirishani.

"Mbona siyasikii?"

Pini akainamisha kichwa. Mama akazima gari.

"Mjukuu wangu," Bibi akasema, "nikitaka mapambo nitashona lesi. Wewe nipe mto uliopo. Kuanzia sasa ninaona kwa kinywa chako. Kinywa hicho kikidanganya, mimi nimekuwa kipofu mara ya pili."

"Umekauka," Pini akanong'ona. "Kuna vidimbwi. Na mbuzi mmoja anakunywa."

"Mbuzi wa rangi gani?"

"Mweupe. Sikio moja jeusi."

"Ahaa," Bibi akasema. "Sasa nipo darajani."

Walifika kwenye fundo nene alasiri. Waliusikia mngurumo kabla hawajaegesha gari. Mama na Pini walimshika Bibi kila mmoja upande wake, wakamfikisha kwenye vyuma vya kuzuia watu. Manyunyu yalimlowesha uso. Bibi alivua miwani yake, akakaza lile jicho la kulia.

"Naona weupe," akasema. "Weupe tu. Haya, Pini. Niambie."

Pini akafuta uso wake. "Maji yanaanguka kutoka juu sana, Bibi, mapana kuliko mtaa wetu. Lakini nusu ya chini haionekani, ukungu umeifunika. Vyuma hivi vina kutu. Kuna mtoto analia, hataki kusogea karibu."

Bibi akatabasamu kidogo. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, sauti ya mtu aliyelisubiri jambo miaka mingi. "Na upinde wa mvua? Upo?"

Pini akatazama juu. Akatazama kulia na kushoto. Mbingu ilikuwa na mawingu mazito. Hakuna kitu alichokitaka duniani kuliko kusema upo. Neno lilikuwa jepesi, lingemfurahisha Bibi, na hakuna ambaye angemsuta.

"Haupo, Bibi," akasema, na kilio kikamshika. "Hakuna jua. Nimetazama kote. Haupo."

Mkono wa Bibi ukapapasa hewani, ukaupita mkono wa Mama, ukaukamata wa Pini na kuubana sana.

"Sasa nakuamini," akasema. Naye alikuwa analia.

Mama aliwakumbatia wote wawili. Walipotulia, alimshika Pini kidevu na kumtazama usoni. "Mwanangu, dawa kumwagika ilikuwa ajali. Ajali ina dawa yake: unasema mapema, watu wanahangaika pamoja nawe. Tungeahirisha safari, tungekasirika, yangepita. Ulichofanya ni kuuacha ufa mdogo tukajenga ukuta mzima, na nyuma ya ukuta huo ndiko Bibi anakoishi sasa. Hatukuchukii. Ila usisahau kamwe."

"Sitasahau, Mama," Pini akajibu. Hakuwa na haja ya kuapa, kwa maana kila asubuhi ingemkumbusha.

Kuanzia kesho yake chupa ya dawa ilirudi mkononi mwa Pini, na Bibi alipopiga kelele kuwa inawasha, Pini alishukuru moyoni. Lakini hapo maporomokoni, kabla hawajaondoka, Bibi aliusogeza uzi vidoleni mpaka akagusa kifungo cheupe.

"Twende huko jijini," akasema. "Utanisomea vitambaa vyote, rangi kwa rangi. Na kilicho kibaya, niambie ni kibaya."