Shangazi Weng Alisema Hapana

"Usiniambie umelinunua. Nitazame usoni, Yi-hsiu. Tikiti hili umelitoa wapi?"

"Dada Pei-shan, punguza sauti, Mwalimu atasikia."

"Na asikie! Umelitoa wapi?"

"Nje. Pale mezani."

"Meza ya sadaka?"

"Sasa ningefanyaje? Sokoni yameisha, watu wamenunua yote ya kuwalisha wafu wao. Pale mezani yamejaa. Mzimu gani utakaa kuhesabu matikiti?"

"Na ubani? Ulikuwa umeshaungua wote?"

Yi-hsiu alijikuna shingo. "Ulikuwa unamalizikia."

Pei-shan alishika kichwa. Ulikuwa mwezi wa saba, wafu wanapofunguliwa kuja kula, na kila ofisi ya mji wa Hsinchu ilikuwa imetoa meza mlangoni. Ubani ukiisha, walio hai wanakula kilichobaki. Kabla haujaisha, chakula kina mwenyewe, na hata mtoto mdogo hakigusi.

"Lirudishe."

"Nimeshalivisha kofia," alisema Yi-hsiu, akacheka. "Tazama lilivyopendeza. Linafanana na Mwalimu."

Ndivyo walivyofanya kazi kila asubuhi. Kofia ya nyaya, inayosoma mambo ya ubongo, ilijaribiwa kwanza kwenye tikiti maji kabla ya kuvishwa mtu. Tikiti lina maji kama kichwa, ila halina mawazo. Mashine huita majina yote ya wagonjwa iliyonayo, jina moja baada ya jingine, kwa sauti ya kike ya upole. Mtu akisikia jina lake, hata kama hawezi kusema wala kufumbua macho, mstari kwenye kioo unaruka. Kwa tikiti mstari unatakiwa ulale tu.

Pei-shan alikuwa amechoka kugombana. Alizima taa, kwa sababu chumba kile hakikuwa na dirisha na mwanga wa taa ulivuruga vipimo, akaiwasha mashine.

Majina yakaitwa. Mstari ukalala.

"Weng Su-chin," iliita mashine.

Mstari ukaruka.

"Waya umelegea," alisema Yi-hsiu.

Pei-shan alikaza waya. Mashine ikaanza tena, majina yakapita, mstari umelala kama uzi chini. Ilipofika "Weng Su-chin," mstari ukaruka juu zaidi ya mara ya kwanza. Hapo ndipo harufu ilipokuja. Ilikuwa harufu ya mafuta ya mnanaa, yale ya kijani, ambayo Shangazi Weng alikuwa akipakwa miguuni na binti yake kila alipoletwa humu.

Shangazi Weng alikuwa amekufa tangu mwezi wa nne.

Kiharusi kilimwacha bila mkono, bila mguu, bila ulimi. Akili yake ilikuwa nzima, imefungiwa ndani ya mwili. Mwalimu wao, Profesa Liao, alimfundisha kujibu kwa mashine. Akitaka kusema ndiyo, afikirie kukunja ngumi. Akitaka kusema hapana, afikirie kupiga teke. Alijifunza haraka kuliko wote, na siku ya kwanza bintiye Yu-lan alilia kwa furaha mpaka akaishiwa na machozi.

Baadaye kofia ilimtia vidonda kichwani. Kukawa na wageni wakubwa wanakuja kuiona kazi, na Yu-lan akaomba amrudishe mama yake nyumbani. "Tumuulize mwenyewe," alisema Profesa Liao. Yu-lan akasubiri nje, kwenye benchi, na Pei-shan ndiye aliyekaa kwenye kiti cha mashine.

"Unakubali kuendelea?" iliuliza mashine.

Teke. Hapana.

"Amechoka huyo," alisema Mwalimu. "Rudia."

Pei-shan alibonyeza. Mashine ikasema, kama ilivyofundishwa, "Haijasikika. Tunarudia." Teke. Akabonyeza tena. Teke. Akabonyeza, akabonyeza, mpaka ubongo wa mama yule ulipochoka na mstari ukatikisika kidogo upande wa ngumi. "Umeona?" alisema Mwalimu. "Ndiyo hiyo. Yaliyotangulia futa." Akatoka kwenda kumpa Yu-lan habari njema, kwamba mama amekubali. Shangazi Weng alikufa kabla ya wageni kufika, kwa homa, akiwa hospitali, mbali na nyumba yake.

Sasa mlango wa chumba ulifunguliwa, na Profesa Liao akaingia na glasi yake ya chai. Alikuwa mtu mnene, msafi, mwenye haraka.

"Mbona mnakaa gizani kama popo?"

"Mwalimu," alisema Pei-shan kwa sauti ndogo, "tikiti linajibu."

"Linajibu nini?"

Kabla Pei-shan hajafungua mdomo, mashine ilisema yenyewe, "Unakubali kuendelea?" Mstari ukaruka upande wa teke. "Haijasikika. Tunarudia. Unakubali kuendelea?" Teke. "Haijasikika. Tunarudia."

"Nani ameianzisha hiyo?"

"Hakuna aliyeigusa, Mwalimu."

Profesa Liao alichomoa waya wa umeme ukutani kwa mkono wake mwenyewe. Kioo kikazimika. Sauti haikuzimika. Iliendelea gizani, kwa upole uleule, ikiuliza na kujijibu, na chini ya sauti ile walisikia pumzi ya mtu mwenye makohozi, ikivutwa kwa shida na kuachiwa kwa shida, kutoka mezani, kutoka pale lilipokaa tikiti.

Yi-hsiu alikimbia wa kwanza.

Kesho yake alikuja kazini mkono wa kulia ukining'inia. Ndio mkono uliochukua tikiti. Aliuweka mezani kama mtu anayeweka samaki.

"Uchome sindano, Dada. Choma popote. Sisikii kitu."

"Umekwenda hospitali?"

"Wamenipima. Wanasema sina tatizo, labda nimeulalia." Alijaribu kucheka, akaacha. "Dada, mimi nilikuwa sijaajiriwa wakati ule. Mlimfanya nini yule mama?"

Pei-shan alijifuta nywele kwa kitambaa. Tangu jana alikuwa akisikia mnanaa kwenye nywele zake mwenyewe. Yeye ndiye aliyebonyeza. Kama aliyechukua tikiti amepoteza mkono, alijiuliza, mimi nitaachiwa nini?

Profesa Liao aliwakataza wasiseme kwa mtu, lakini wageni walikuwa wanakuja tena wiki ile, na chumba kizima kilinuka mnanaa na tikiti lililooza. Mwishowe alikubali aitwe mganga wa hekalu. Mganga Chuang alikuja mchana kwa pikipiki ndogo, amevaa ndala, shavu limejaa tambuu. Alisimama mlangoni akanusa.

"Ni jini?" aliuliza Yi-hsiu.

"Jini lingekuwa nafuu, kijana. Jini unalipa kuku linakwenda zake. Huyu ni mtu. Mtu ana kumbukumbu."

Aliwasha ubani, akatoa vipande vyake viwili vya mti, vimepinda kama mwezi mchanga, tambarare upande mmoja na mviringo upande wa pili. Kimoja kikiangukia tumbo na kingine mgongo, wafu wamesema ndiyo. Vyote vikilala kifudifudi, wamekataa.

"Shangazi," alisema mganga, "chakula chako kilichukuliwa, tumekuletea kingine. Utaondoka?"

Akarusha. Kifudifudi vyote viwili.

"Utaondoka tukikuombea hekaluni?"

Kifudifudi.

Mganga alivikusanya polepole. "Amekataa, Profesa. Uliza anataka nini. Usimlazimishe."

"Rusha tena," alisema Profesa Liao.

"Amesema hapana."

"Watu wote wanarusha tena! Mama yangu alikuwa anarusha mpaka apate anachotaka. Nipe mimi."

"Mwalimu, tafadhali," alisema Pei-shan. "Usirudie. Huyu usimrudie."

"We nyamaza, binti. Unaogopa vijiti?"

Alivinyakua mkononi mwa mganga. Alirusha, vikalala kifudifudi. Akarusha, vikalala kifudifudi. Jasho lilianza kumtoka, naye akawa anarusha bila hata kuuliza vizuri, "Utaondoka? Utaondoka? Haya, utaondoka?" na kila vilipogonga sakafu ile pumzi yenye makohozi ilisogea karibu zaidi, ikatoka mezani ikaja kwenye kiti, ikatoka kwenye kiti ikaja nyuma ya shingo yake, mpaka nywele chache za kisogoni mwake zikawa zinapepea na kulala, zinapepea na kulala, ilhali hapakuwa na upepo, na yeye peke yake ndiye asiyeona, kwa sababu macho yake yalikuwa chini, kwenye vijiti, akipiga kelele, "Nitakupa unachotaka! Chochote! Utaondoka?"

Kimoja kiliangukia tumbo. Kingine mgongo.

"Ndiyo!" alisema Profesa Liao, akigeuka kuwatazama kwa ushindi. "Mnaona? Amesema ndi—"

Ulimi ukamwisha hapo. Magoti yalimfuata, kisha mikono, na akaketi sakafuni kama gunia lililowekwa vibaya. Macho yake tu ndiyo yalibaki na uhai, yakienda huku na huku.

Mganga Chuang alitema tambuu. "Umempa chochote," alisema taratibu. "Sasa ameshachagua."

Gari la wagonjwa liliitwa. Wakati wakingoja, Pei-shan alimvisha kofia ili ajue kama Mwalimu bado yumo ndani. Mashine ilikuwa haina umeme tangu ilipochomolewa waya, na bado kioo kiliwaka.

"Liao Kuang-ting," iliita mashine. Mstari ukaruka. Alikuwemo.

"Unakubali kuendelea?"

Teke. Kwa nguvu zake zote, teke.

"Haijasikika," ilisema mashine. Sauti haikuwa tena ile ya kike waliyoizoea. Ilikuwa ya mama mzee mwenye makohozi, ambaye hakuna mtu chumbani aliyewahi kumsikia akisema. "Tunarudia."

Walimchukua akiwa bado anapiga mateke yake ya ndani, na machozi yakimtiririka kuelekea masikioni.

Mganga alimshika Pei-shan bega nje, karibu na pikipiki. "Na wewe amekutaja," alisema. "Nimesikia ndani, wewe hukusikia. Ana ndugu?"

"Binti. Yuko mji wa Chupei, anauza tambi."

"Yule binti anaamini nini?"

"Kwamba mama yake alikubali kubaki."

"Basi nenda kamwambie ukweli, leo, kabla jua halijatua. Mwambie mama yake alitaka kurudi nyumbani na wewe ukamziba mdomo. Usipeleke maua. Usimwombe akusamehe, hilo si lako kuomba. Mpe jibu la mama yake, basi. Labda atakuachia."

"Labda?"

Mganga alipiga pikipiki teke, ikawaka. "Unataka nirushe vijiti mpaka nipate jibu tamu?"

Pei-shan alipanda basi. Njia nzima aliyapanga maneno, na njia nzima vidole vya miguu yake vilikuwa vikifa ganzi, kidole kimoja baada ya kingine, mpaka aliposhuka ilibidi atazame chini kuhakikisha anakanyaga. Duka la tambi lilikuwa limefungwa, mchana, siku ya biashara. Alizunguka hadi mlango wa nyuma. Alisikia bakuli na kijiko ndani, na mtu akinyonya mchuzi kwa shida, na harufu ya mnanaa ilikuwa kali hata macho yakamwasha. Simu yake ikalia. Alikuwa Yi-hsiu, akilia, akasema Mwalimu amekata roho njiani, kabla gari halijafika hospitali.

Hakuwa amebisha hodi bado. Mlango ulifunguliwa, na Yu-lan akasimama pale na taulo begani, uso umetulia, wala hakushangaa kumwona.

"Karibu, Dada. Viatu acha hapo nje. Mama amerudi nyumbani, yumo ndani anamlisha Mwalimu wako, na kiti chako ameshakifuta."