Chachu Iliyosahauliwa Ungani

Kila Jumatatu na Alhamisi asubuhi, jua likiwa bado halijafika kwenye mizabibu ya uani, mama yake Zulhumor aliwasha tanuri. Zulhumor alikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi yake ilikuwa kuleta mabua makavu ya pamba, kisha kunyunyiza maji ya chumvi kwenye kuta za tanuri ili mikate ishike, isianguke motoni. Kukanda hakukuwa kazi yake. Mama alikanda mwenyewe baada ya chakula cha jioni, na asubuhi donge lilikuwa limeumuka, limejaa karai kama tumbo la mtu aliyetoka harusini. Zulhumor alilikuta hivyo tangu azaliwe. Hakuwahi kujiuliza linaumushwa na nini.

Mwezi wa Juni, shule zilipofungwa, mama mdogo Gulsanam alijifungua mtoto wa kwanza kule mjini Namangan. Ikabidi mama aende kumhudumia mzazi mpaka arobaini yake iishe. Aliondoka mbiombio, gari likipiga honi barabarani. Alimwambia Zulhumor aoke kama kawaida, kwamba chachu imo kwenye pipa la unga, ameifukia humo ndani. Akambusu kipaji, akaenda.

Kama kawaida. Maneno mawili mepesi kama unyoya, lakini Zulhumor alipobaki peke yake mbele ya lile pipa, aliyaona mazito.

Jumapili jioni akaona heri awaulize watu wa nyumbani wanataka mkate gani, na hapo ndipo alipojitafutia mashaka. Kaka yake Elyor, mwenye miaka kumi na mitano na tumbo la watu watatu, alitaka patir, ule mkate wa siagi na maziwa unaochambuka tabaka kwa tabaka, ambao mama huuoka wageni wakija. Baba alisema ametamani mkate wa mahindi wenye vitunguu, kama ule wa utoto wake. Bibi Oyimhon, mama yake baba, alisema wowote tu, yeye anakula uliopo. Jibu la bibi ndilo lililomtatiza kuliko yote, maana mkate uitwao Wowote hakuna anayejua kuuoka.

Basi akaoka patir Jumatatu. Ukaisha siku ileile, na kopo la siagi la wiki nzima likaisha nao. Jumanne hapakuwa na mkate, akaoka wa mahindi. Siku ya kwanza ulikuwa mzuri, baba akamsifu. Siku ya pili ulikuwa mgumu, na Elyor akauliza kama anaweza kuazima mmoja akaweke chini ya gurudumu la trekta lisirudi nyuma. Alhamisi akaoka patir tena, kwa mafuta ya pamba. Jumamosi mahindi. Alikuwa akioka karibu kila siku, mikono ina malengelenge, na bado kila mlo ulikuwa na mtu aliyetazama kitambaa cha mkate akarudisha mkono.

Na patir hauhitaji chachu, wala mkate wa mahindi, kwa hiyo mkono wake haukufika chini kabisa ndani ya pipa.

Bibi ndiye aliyeanza kumtia wasiwasi. Alikuwa amebakiwa na meno manne, na ugonjwa wa mtoto wa jicho ulikuwa umemfunika macho yote mawili. Patir wa mafuta ulimchafua tumbo, na wa mahindi aliuloweka kwenye chai ya kijani mpaka ukawa uji, akanywa vijiko viwili, akasema ameshiba. Zulhumor aliona mikono yake imezidi kukonda. Siku ya kumi na moja tangu mama aondoke akaamua: ataoka ule mkate laini wa kila siku, wa unga, maji na chumvi, kama wa mama.

Akachimba unga, akaitoa chachu. Lilikuwa donge dogo, nje limekauka kama jiwe, ndani lina rangi ya kijivu na harufu ya rangi ya kupaka milango. Labda ndivyo inavyokuwa, akawaza. Akailoweka, akakanda, akafunika kwa blanketi. Asubuhi akafunua. Donge lilikuwa palepale alipoliacha.

Akalisubiri mpaka jua likafika kwenye mizabibu, likaipita. Hakuelewa. Chachu hakuitumia hata mara moja, hakuipunguza, hakuigusa. Kitu kisichoguswa kinaharibikaje? Chumvi huharibu chakula ikizidi, moto huunguza ukizidi. Yeye amezidisha nini? Akaoka hivyohivyo. Ikatoka mikate minane bapa, mizito, ambayo ungeweza kuezekea banda.

Kuitupa hakuweza. Kwao mkate hautupwi, na kipande kikianguka chini huokotwa, kikabusiwa. Kuiweka mezani nako aliona haya. Mama alipewa chachu ile na bibi siku ya tatu baada ya harusi, na sasa angerudi akute imefia mikononi mwa mtoto. Zulhumor akaifunga ile mikate kwenye shuka, akaifukia ndani ya sanduku la magodoro. Halafu akachukua pesa za madaftari, akakimbia kwa mwanamke mmoja anayeuza mikate sokoni kwenye kigari cha mtoto mchanga. Akanunua mitano, ya moto, akaifunga katika kitambaa cha nyumbani.

Mchana baba na Elyor walikula wakishangilia. Elyor alisema leo dada amepata akili. Zulhumor alitabasamu kwa mdomo tu.

Bibi aliuchukua mkate wake kwa mikono miwili. Kabla ya kuumega, akapitisha kidole katikati. Huko kwao kila mkate hugongwa katikati kwa muhuri, kishikio cha mti chenye misumari midogo, ili usifure kama mpira. Muhuri wa nyumba ile ulichora ua lenye petali sita. Kidole cha bibi kilizunguka mara moja, kikazunguka tena. Akaumega, akala polepole. Baba na Elyor waliporudi shambani, akamwita mjukuu wake akae karibu.

"Zulhumor, mwanangu. Mkate huu una maduara mawili. Ni wa nani?"

Zulhumor alifungua mdomo aseme muhuri umevunjika. Uongo ulikuwa tayari, umeshavaa nguo. Lakini aliona makombo kwenye mapaja ya bibi, akaona kwamba bibi ameumaliza mkate mzima, akaanza kulia. Akaeleza yote, kuanzia patir mpaka sanduku la magodoro, maneno yakigongana.

"Na chachu nimeiua, bibi, wala sikuigusa. Sijui nimefanya nini."

"Ndicho ulichofanya," bibi akasema. "Hukuigusa. Chachu ni kama ng'ombe wa maziwa: usipomkamua, anakauka. Kila ukioka unakata kidonge cha donge jipya, unakiweka kwa ajili ya siku nyingine. Mama yako alidhani unajua, kwa kuwa umesimama kando yake miaka yote. Kosa hilo ni letu wakubwa. Hili la kununua mkate ukauita wako, hilo ni lako."

Akamwambia aende kwa jirani, Mama Bashorat, kabla jua halijatua, kwa sababu chachu haitolewi nyumbani baada ya magharibi. Miaka mitatu nyuma chachu ya Mama Bashorat nayo ilikufa, akapewa ya nyumba hii. Kwa hiyo iliyopo kwake ni ileile. Ila aseme ukweli mlangoni.

Mama Bashorat alikuwa na ulimi unaokata kitunguu bila kisu. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Siku kumi na moja, na joto hili. Hata mimi ungenifukia ungani ningenuka," akasema. "Mimi yangu ilikufa nikiwa na watoto wanne, wewe una miaka kumi na miwili. Lete bakuli."

Jioni ile bibi alikaa kwenye kigoda na kumwelekeza. Ile mikate bapa waliitoa sandukuni, wakaivunja, wakaianika juani siku ya pili. Ilikuja kuliwa ndani ya mchuzi wa kondoo, na Elyor hakujua anakula nini mpaka alipoongezwa bakuli. Asubuhi donge lilikuwa limeumuka hadi kwenye blanketi. Zulhumor alilibonyeza kwa kidole, likajirudisha lenyewe taratibu.

Kabla ya kukata donge vipande vya mikate, alikata kidonge, akakifukia ungani. Kisha akauliza, sasa Alhamisi aoke nini?

"Wewe unaonaje?" bibi akasema.

Zulhumor akafikiri. Akasema mkate wa kila siku, Jumatatu na Alhamisi, bila kuuliza mtu. Kila mmoja anaweza kuula, hata mwenye meno manne, na siku ya tatu bado unatafunika. Wa mahindi, mara moja, Jumamosi, mdogo, uishe siku hiyohiyo. Patir, Ijumaa moja kwa mwezi.

"Hapo umeoka," bibi akasema. "Watu ukiwauliza mdomo unataka nini, kila mdomo una jibu lake, utachanganyikiwa mpaka uzee. Chagua kwanza kile nyumba inachokihitaji kila siku, ukishike. Mapambo yatapata nafasi yake baadaye. Na usipojua jambo, uliza siku ya kwanza. Swali la siku ya kwanza ni dogo. La siku ya kumi na moja linakuja na uongo mgongoni."

Mchana Elyor alikaa kwenye mkeka, akamega, akala vipande viwili bila kupumua. Halafu akauliza, kama kwa bahati tu, patir utaokwa lini.

"Ijumaa ya mwisho wa mwezi," Zulhumor akajibu, akamwongeza bibi chai.