Kanda Isiyokwisha

Kila asubuhi, vyombo vikishaoshwa na chumba kufagiliwa, Kasuku alikuwa na kazi moja ambayo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa: kuweka kanda. Jina hilo la Kasuku alipewa na mama yake kwa sababu ya mdomo usiokaa kimya, na mtaa mzima ukalidaka. Mama alikuwa fundi cherehani. Alishonea chumba cha mbele, mguu kwenye kanyagio, na redio ya kaseti ilikaa mezani kwa Kasuku, alipofanyia mazoezi yake ya hesabu.

Kanda yenyewe ilikuwa ya gitaa tupu. Marehemu baba, aliyekuwa fundi redio, ndiye aliyeirekodi, na alikuwa na hoja yake: wimbo wenye maneno humvuta mtu aufuate, mshono ukaenda kombo. Kila upande ulichukua nusu saa. Upande ukiisha, kitufe kiliruka, tak, na hapo mama aliacha kila kitu, hata kama mkono wa shati umebaki nusu. Alitoka nje, akajinyoosha mgongo, akanywa maji, akatazama mapaa ya mbali ili macho yapumzike. Kasuku naye alifunga daftari. Mama akirudi na kukaa, ndipo kanda iligeuzwa. Saa hawakuitazama. Mama alisema yeye akianza kushona hata nyumba ikiungua hatajua, ila gitaa likinyamaza atajua.

Baba alifariki mwaka uliopita. Tangu hapo mama hakuimba tena akishona, na chakula alikula kwa kubembelezwa. Likizo ile alikuwa amechukua kazi ya sare thelathini, zitoke kabla shule hazijafunguliwa. Sketi ya Kasuku ya zamani ilikuwa imempanda juu ya magoti, na wenzake walimtania hadi akaacha kucheza uwanjani. Alimwomba mama aanze na yake. Mama akamwambia wateja kwanza. Muda ukibaki atamshonea, usipobaki atavumilia.

Muda ukibaki! Kasuku aliyatafuna maneno hayo siku nzima. Akapiga hesabu, maana hesabu aliziweza: mapumziko ya dakika kumi, mara kumi na mbili kwa siku, ni saa mbili. Saa mbili zinatosha sketi.

Basi kesho yake, wimbo wa mwisho ulipoanza kufifia, hakungoja kitufe kiruke. Alizima redio taratibu cherehani ikinguruma, akageuza kanda, gitaa likaendelea. Mama hakuinua kichwa. Moyo wa Kasuku ulidunda kwelikweli, lakini siku ya pili haukudunda tena. Kanda aliiacha iishe mara mbili au tatu tu kwa siku, ili mambo yasije yakagundulika.

Sare zilipungua haraka. Mama naye alianza kusugua macho na kushika mabega. Jirani aliyekuja kupimwa gauni alimuuliza mbona amechoka hivyo, na mama akajibu kwamba labda ni majonzi, hayajamtoka mwilini. Kasuku alisikia, akainamia daftari lake.

Siku ya nne mchana, gitaa likiendelea, mama alitoa sauti ndogo tu na cherehani ikasimama. Sindano ilikuwa imepita kwenye ukucha wa kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, ikakatikia ndani. Damu ilishatapakaa kwenye shati jeupe la mtoto wa watu.

Kwenye zahanati, muuguzi aliitoa sindano, akasafisha jeraha na kulifunga. Kisha akamuuliza mama huwa anakaa kwenye mashine kwa muda gani bila kupumzika.

"Nusu saa," mama alijibu. "Kanda ikiisha nasimama. Mwanangu huyu ndiye anayeigeuza, muulize."

Muuguzi alimgeukia Kasuku. Angeitikia kwa kichwa tu, mambo yangeishia pale. Lakini mama alikuwa amelisema hilo kwa uhakika mno, kama anayetaja jina lake mwenyewe, na Kasuku alishindwa kudanganya.

"Haikuwa nusu saa," alisema. "Nilikuwa naigeuza kabla haijaisha. Nilitaka umalize mapema unishonee sketi."

Mama hakumkaripia. Alitazama sakafu. Muuguzi akaeleza polepole kwamba kidole kitapona, ila ncha yake huenda isihisi tena kama zamani. Njiani Kasuku alitembea nyuma akilia, na mama hakugeuka.

Walipofika nyumbani, mama alimketisha.

"Mwanangu, kupumzika si kuiba muda wa kazi. Ni kazi vilevile, kama kutia uzi. Asiyepumzika huharibu nguo na mwili wake pia. Lakini linaloniuma si hilo. Mimi nilikuachia masikio yangu, wewe ukayadanganya. Ukitaka kitu kwangu, omba hata mara kumi. Nitakataa, utanuna, kesho tutakula pamoja. Ila usinidanganye ili ukipate."

Sare kumi na mbili zilizobaki zilimaliziwa na fundi wa mtaa wa pili, aliyejifunza kazi pamoja na mama. Vifungo vyote alishona Kasuku, nusu saa kwa nusu saa, na shule zilipofunguliwa kila mtoto alipata sare yake. Yeye alikwenda na sketi ile ile, pindo limeshushwa, alama ya kunjo la zamani ikionekana. Walimcheka. Hakumlaumu mtu.

Wiki kadhaa baadaye mama alirudi kwenye cherehani. Upande wa nje wa kitambaa alizoea kuujua kwa kidole kile kile kilichoumia. Alikipapasa kitambaa cheusi cha mteja, akakigeuza, akapapasa tena, uso ukamfifia. Kisha akaita.

"Njoo unishikie hapa. Upande wa nje ni upi?"

Kasuku alishika huku, akashika kule. Hakuwa na uhakika. Zamani angetaja wowote ili yaishe.

"Bado sijajua, mama. Ngoja nishike tena."

Mama alisogea kumpa nafasi, akamngoja.