Waya Kutoka Moyoni

Kila asubuhi Fundi hufungua duka lake la ushonaji, hupangusa cherehani, kisha huwasha pasi. Mkewe hukaa mlangoni akitia vifungo. Hutaniana mchana kutwa.

Miaka mingi nyuma, moyo wa Fundi ulianza kupiga taratibu mno. Madaktari walimwekea kifaa kidogo chini ya ngozi ya kifua. Nyaya mbili zilipita ndani ya mshipa hadi moyoni, zikiukumbusha kupiga. Nyumbani walikiita betri.

Sasa ngozi juu ya betri ilikuwa imevimba. Fundi hakumwambia mtu. Alipasha kitambaa kwa pasi, akajikanda kwa siri. Siku moja usaha ulilowesha shati, mkewe akaona.

"Mume wangu! Unajipiga pasi kama suruali?"

"Nikienda hospitali watanipasua kifua chote," akasema Fundi. "Sitaki."

Mkewe alikimbia kumwita jirani yao, muuguzi wa wodi ya moyo. Muuguzi aliutazama uvimbe bila kuugusa.

"Kaka, acha kukanda kabisa. Vijidudu vimeingia. Vinaweza kufuata nyaya hadi moyoni vikuue. Dawa peke yake haitoshi. Betri na nyaya, vyote vitolewe. Twende leo hii."

"Nyaya zimeganda humo miaka yote! Mtazing'oaje?"

"Hazing'olewi kwa nguvu. Daktari hukata kidogo tu hapo penye betri. Huuvisha waya mrija mwembamba, akausukuma polepole ndani ya mshipa. Mrija huuachanisha waya na kovu lililoushika. Mara nyingi kifua hakipasuliwi. Hatari ipo, sikufichi, ndiyo maana wapasuaji wa moyo hukaa tayari. Lakini kubaki nazo ni hatari zaidi."

Fundi alimgeukia mkewe, akamkuta analia.

"Haya, twendeni," akasema.

Alipozinduka hospitalini baada ya upasuaji, alipapasa kifua. Bandeji ndogo tu! Waya wa muda ulikuwa ukiusaidia moyo. Daktari alimwonyesha nyaya za zamani ndani ya kichupa, nyembamba, nzima. Fundi alipigwa na butwaa. Mikono ya watu imefika moyoni mwake, na kifua hakikufunguliwa!

Vijidudu vilipokwisha kwa dawa, aliwekewa betri mpya upande wa pili.

"Ngozi ikibadilika hata kidogo, njoo siku hiyo hiyo," daktari alimwambia.

Walipofika nyumbani, mkewe aliweka sikio kifuani pake. Alisikiliza kwa muda mrefu, kama anayesikia moyo kwa mara ya kwanza.

"Unapiga," akanong'ona.