Namba Zilizoibwa Kwenye Maziwa

Kila akitoka shule, Fikirte hufuta vumbi kwenye rafu za duka la mama yake mjini Dessie, Ethiopia. Siku hizo rafu ya maziwa ya unga ndiyo iliyoshika vumbi zaidi, kwani ulikuwa mfungo mrefu wa kabla ya Pasaka, na nyumba za Wakristo kama kwao hazikugusa maziwa wala nyama.

Alasiri moja jirani yao, Bi Zeyneba, aliingia na pakiti mkononi. Nyuma ya kila pakiti palikuwa na kibandiko. Ukikibandua unakuta namba, na ukiituma kwa simu unapata muda wa maongezi wa bure.

"Nimeituma, naambiwa imeshatumika," alimwambia mama. "Ya juzi nayo hivyo hivyo. Aselefech mwenzangu, tumetoka mbali mimi na wewe. Usiniharibie."

Mama alishikwa na aibu. Fikirte tayari alikuwa na mtu anayemshuku.

"Ni Seid anayeleta mizigo, mama. Huoni siku hizi simu haimtoki sikioni?"

Mama hakuuliza la pili. Seid alipofika na mkokoteni, mama alimwita mwizi mbele ya wateja na kumwambia asirudi tena. Seid aliwatazama wale watu mmoja mmoja.

"Haya, dada," alisema, akageuza mkokoteni wake.

Fikirte alijiona hodari. Lakini shaka ikishaingia nyumbani hailali. Alizichunguza pakiti zilizobaki, akaona vibandiko vimebanduliwa na kugundishwa upya. Alinusa kimoja. Kilinuka uchachu wa rojo la injera, mkate wao wa kila siku, lile lile ambalo kaka yake Dagim hugundishia majalada ya madaftari.

Tena, kwa nini maziwa tu? Sabuni nazo zilikuwa na namba, na hazikuguswa. Seid ni Mwislamu, hunywa maziwa kila asubuhi. Angejua kwamba yananunuliwa hata sasa. Aliyeiba alidhani hakuna atakayefungua maziwa mpaka Pasaka. Fikirte aliogopa. Alitamani sana mwizi abaki kuwa Seid.

Alimkuta Dagim uani. "Kaka, rojo la injera ulilichota la nini?"

"Umekuwa polisi lini, wewe?" Kisha Dagim akainamisha kichwa. "Zawadi za namba zingeisha kabla ya Pasaka. Nani angejua?"

"Na Bi Zeyneba je? Nusu ya mtaa hawafungi pamoja nasi."

Fikirte alimweleza mama yote, hata lile la kumsingizia Seid.

Jioni ile ile walikwenda watatu kwa Bi Zeyneba, kisha kwa Seid. Dagim alikiri kwa kinywa chake mwenyewe, akaahidi kushusha mizigo likizo nzima ili alipe kila namba. Seid alikubali kurudi kazini, ila hakumtania mtu kama alivyozoea.

Njiani Fikirte alisema, "Angalau mwizi tumempata."

"Tumempata mmoja," mama alijibu. "Dagim aliiba namba, na namba zinalipika. Mimi na wewe tulimwibia Seid jina lake jema. Ukimshuku mtu, mwanangu, chunguza kwanza ndipo useme. Na ukimkosea mbele za watu, usimwombe radhi uchochoroni. Kesho duka likijaa tutamwomba radhi mbele ya wote. Wewe ndiye utakayeanza."