Bangili za Mama Zapanda Ndege

Mama Pindo hakupewa jina hilo na wazazi wake. Ni wateja waliomwita hivyo, kwa sababu hakuna aliyemshinda kupinda suruali. Suruali iliingia chumbani kwake ikiwa ndefu, ikatoka saizi ya mwenyewe, na uzi hukuuona.

Wiki hiyo ilikuwa ya mwisho kwake. Mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa amepata kazi ya kudumu nchi ya mbali. Sasa alimwita mkewe amfuate. Cherehani ilishauzwa, lakini wateja hawakukubali kuachwa. Kila mara mlango uligongwa.

"Nipindie hii moja tu kabla hujaondoka!"

Basi Mama Pindo alipinda kwa sindano ya mkono, huku akilalamika na kucheka.

Jumamosi asubuhi alikuja jirani yake, mwanamke aliyeitwa Mizani. Mizani alifanya kazi uwanja wa ndege, kwenye kaunta ya kupima mabegi ya wasafiri. Alikuja kujaribu gauni lake. Alilivaa, akasimama katikati ya chumba, na Mama Pindo akapiga magoti kupinda.

"Umeshafunga mizigo?" Mizani aliuliza.

"Zamani! Vyombo na matandiko vinatangulia na ndege ya mizigo. Wifi yangu ameondoka navyo asubuhi hii kuvipeleka kwenye ghala lao. Mimi nitasafiri na begi moja la nguo na ule mkoba pale."

Mizani aliuchungulia mkoba. Alitoa mkasi mkubwa mweusi.

"Na huu je?"

"Mkasi wangu wa kazi. Siuachi mbali na mimi."

"Utauacha tu. Wakaguzi watauchukua pale mlangoni, na machozi yako hayatawasaidia. Kitu chenye makali hupandi nacho mkononi. Kiweke kwenye begi linaloingia chini ya ndege."

"Ala! Haya, nitauhamisha."

"Na vile vitu vya mama yako? Umeviweka wapi?"

Mama Pindo aliangalia mlango. Akashusha sauti. Vitu vyenyewe vilikuwa bangili sita za dhahabu. Mama yake alizivaa maisha yake yote, na alipougua ugonjwa wake wa mwisho alizivua na kumkabidhi binti yake. Nyumba ya mama ilishauzwa. Picha zake ziliharibiwa na maji ya mvua. Zilibaki bangili tu. Mama Pindo hakuwahi kuzivaa nje hata siku moja, kwa kuogopa wezi.

"Nimezishonea ndani ya mto," alinong'ona, na uso wake ukang'aa kwa fahari. "Katikati ya pamba. Mwizi gani ataiba mto wa kulalia?"

Mizani hakucheka.

"Mto wenyewe uko wapi?"

"Si nimekwambia, wifi amepeleka matandiko…"

Sindano ilimponyoka Mama Pindo mkononi.

"Jirani yangu," alisema Mizani, "umegeuza mambo juu chini. Mkasi umeuweka mkononi, dhahabu umeituma peke yake!"

"Kwani itapotea?"

"Mzigo wowote unaweza kupotea. Lakini tuseme umepotea. Kwenye karatasi umeandika nini?"

"Matandiko na vyombo."

"Basi watakulipa matandiko na vyombo. Dhahabu hawaijui. Na hata usipopotea, utapita kwenye mashine inayoona ndani. Wataona mto una dhahabu tumboni. Wewe ungekuwa mkaguzi, ungesema mwenye mto huo ni nani?"

Mama Pindo aliokota sindano. "Mwizi."

"Au mtu wa magendo. Watazizuia. Utaanza kujieleza kwa mali ya mama yako mwenyewe."

Mama Pindo alichukua simu akampigia wifi yake. Simu iliita chumba cha pili. Wifi alikuwa ameiacha kwenye chaji.

Walitoka mbio. Mizani hakubadilisha hata nguo. Upande mmoja wa gauni ulikuwa umepindwa, upande mwingine ulifagia njia. Walikodi teksi, na Mama Pindo hakutulia kwenye kiti.

"Mama alinipa mwenyewe, kwa mikono yake," alisema. "Mimi nimempa karani wa ghala. Nitamwambia nini?"

"Mama yako hayupo akuulize. Vuta pumzi," alisema Mizani, ingawa naye aliogopa.

Ghala lilikuwa jengo kubwa la mabati. Wanaume walisukuma matoroli. Selotepu zililia kila upande. Mama Pindo aliliona furushi lake la matandiko mara moja, juu ya mizani ya ghala, limeshafungwa kamba na kubandikwa namba. Alilirukia, akaanza kulipapasa.

"Mama, vipi?" karani aliuliza. "Mzigo huo umeshapokelewa."

"Nautafuta mto! Mto wangu!"

"Humo hamna mto. Nimeona mablanketi na mashuka tu."

Mama Pindo alikaa sakafuni kama mtoto, mbele za watu, na hakujali. Bangili zimekwenda. Alikuwa na hakika.

Ndipo Mizani alipomshika bega. "Hebu inuka. Tazama kule."

Ukutani palikuwa na benchi refu. Juu yake alilala wifi, viatu amevua, anakoroma. Chini ya kichwa chake ulikuwa mto.

"Wifi! Wifi, amka!"

Wifi alifumbua jicho moja. "Mmekuja kunipokea? Foleni ilikuwa ndefu, nikauchomoa huu nijipumzishe, sasa nangoja risiti." Alishika shingo yake. "Lakini wifi yangu, kwa kushona mito hapana. Bora uendelee na suruali. Umeweka mawe humu? Shingo yote inaniuma!"

Mama Pindo alimkumbatia yeye na mto pamoja. Alicheka, akalia, akacheka tena. Wifi alimtazama Mizani na gauni lake la upande mmoja. Hakuelewa kitu.

Jioni ile Mama Pindo alifumua mto. Bangili zote sita zilikuwepo. Mizani alikaa kitandani akamweleza la kufanya, na Mama Pindo hakubisha hata neno moja.

Kwanza walikwenda kwa sonara. Alizipima bangili, akaandika hati yenye uzito na thamani yake. Kisha wifi alizipiga picha kwa simu, kila moja mbele na nyuma. Picha zilitumwa kwa mume, na nakala ya hati ikabaki kwa wifi.

"Sasa uliza forodha za pande zote mbili," alisema Mizani. "Ya hapa na ya kule. Kila nchi ina sheria yake kuhusu dhahabu. Usisikilize maneno ya mtaani. Yangu mwenyewe nenda ukayahakikishe."

Mama Pindo alikwenda ofisi ya forodha ya hapa, na mumewe akauliza ya kule. Jibu lilikuwa azionyeshe siku ya kuondoka na azitaje siku ya kufika.

Siku ya safari, baada ya kuonyeshwa forodha, bangili zilikaa ndani ya mkoba, kwenye mfuko wa zipu, pamoja na pasi, fedha na dawa zake. Betri ya kuchajia simu nayo ilikuwa humo, kwa sababu Mizani alisema betri kama hizo haziruhusiwi chini ya ndege. Mkasi ulikwenda na begi la nguo. Ndani ya ndege aliweka mkoba chini ya kiti cha mbele, miguu yake ikiugusa, akalala usingizi mzuri.

Alipofika, begi la nguo halikutokea. Alingoja mpaka mkanda wa mizigo ukasimama. Mfanyakazi mmoja alimwandikia ripoti.

"Limechelewa, mama. Litafuata na ndege nyingine. Tutalileta mpaka nyumbani. Lina kitu cha thamani?"

"Nguo na mkasi," alijibu Mama Pindo, na moyo wake ulikuwa mwepesi.

Kisha alifika kwa ofisa wa forodha.

"Una cha kutangaza?"

Miaka yote alikuwa amelisema neno dhahabu kwa kunong'ona. Sasa alilisema kwa sauti ya kusikika.

"Ndiyo. Dhahabu. Bangili sita. Ni zangu, nimeachiwa na mama yangu."

Alitoa bangili na hati. Ofisa alisoma, akapima, akahesabu, akagonga mhuri.

"Unahamia huku, na hizi ni za kuvaa. Hulipi kitu. Zivae tu, mama."

Mama Pindo alizivaa moja moja mpaka zikawa sita. Ziligongana kila alipotembea, kama zilivyogongana mkononi mwa mama yake alipokuwa akipika. Watu walizisikia, na hakuna aliyemwuliza kitu. Aliwaza: nilikaribia kuzifanya za wizi, kumbe ni zangu.

Mumewe alikuwa amesimama nyuma ya kamba. Alimpokea, akatazama nyuma yake.

"Begi lako liko wapi?"

"Halijafika. Litakuja." Aliinua mkono, bangili zikalia. "Lakini mama amefika."